Kuachwa Si Kupendwa

Kizazi chetu kina amri moja ambayo haijaandikwa popote lakini kila mtu anaifuata: usiingilie. Jirani akigombana na mkewe usiku, ongeza sauti ya redio. Rafiki akianza kukonda, usimuulize, labda hataki kuongea. Binamu ameacha kazi na hashiki simu, mpe nafasi. Tunaiita heshima. Tunaiita kujua mipaka. Na tukisema hivyo tunajiona waungwana kuliko wazazi wetu, watu waliokuwa wakiingia nyumba ya mtu, wanafunua sufuria, halafu wanauliza mbona bado hamjapata mtoto.

Sidharau amri hii. Nilipoacha chuo nikiwa mwaka wa tatu, kitu nilichokitaka kuliko vyote ni watu wanyamaze. Wengi walinyamaza. Kwa miezi kadhaa nilifurahia huo ukimya kama mtu aliyepata keja ya bei rahisi. Halafu siku moja nikaanza kujiuliza kama ule ulikuwa ukimya wa watu wanaonipenda au wa watu waliokwisha nisahau, na kwamba kwa nje, manze, huwezi kutofautisha.

Swali langu basi ni hili: kumwacha mtu, au kitu, kiwe vile kilivyo, ndiko kukipenda? Nataka kuliuliza mbali kidogo na kwetu, kwenye vilima vya kusini mwa Uingereza vyenye nyasi fupi, maua madogo na vipepeo wa buluu. Sijawahi kufika huko. Nilivijua kupitia kibarua. Mimi huandika kwa malipo ya kila neno, na kazi moja ilikuwa kuelezea njia za matembezi kwenye hifadhi za huko. Kazi niliimaliza kwa siku mbili. Vile vilima bado vinanisumbua hadi leo.

*

Tuanze na udongo, maana huko ndiko kesi yote inaanzia.

Vilima hivi ni vya chaki. Ndiyo, chaki, ingawa ile ya ubaoni siku hizi mara nyingi hutengenezwa kwa jasi. Chaki ya kweli ni mwamba mweupe, laini, uliotokana na maganda ya viumbe vya baharini vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Viumbe hivyo vilikufa vikazama chini ya bahari, tabaka juu ya tabaka, zaidi ya miaka milioni 66 iliyopita. Mwaka 1868, mwanasayansi Thomas Huxley aliwasimulia wafanyakazi wa mji wa Norwich historia ya dunia nzima akianza na kipande cha chaki tu. Huxley mwenyewe hakumaliza digrii, jambo ambalo nalitaja kwa sababu zangu binafsi.

Juu ya mwamba huo kuna udongo mwembamba, mahali pengine haufiki hata urefu wa kidole. Maji hayakai, yanapenya na kupotea. Rutuba ni kidogo. Mkulima wa Kirinyaga akipelekwa hapo aambiwe hilo ndilo shamba lake, atadhani amekosana na mtu ardhini. Lakini piga magoti, pima mita moja ya mraba, uanze kuhesabu. Mahali pazuri unaweza kupata aina 40 za mimea kwenye hiyo mita moja. Kuna zaatari ya mwituni, inayonukia ukiikanyaga. Kuna okidi ambayo ua lake limejifanya nyuki. Kuna mmea mdogo wa jamii ya kunde, wenye maua ya manjano, ambao maganda yake yamepinda kama viatu vya farasi, na kwa Kilatini unaitwa Hippocrepis comosa. Hapa nitauita kiatu-cha-farasi. Ushike, tutaurudia.

Siri ya wingi huo ni umaskini. Udongo ukiwa na rutuba nyingi, nyasi mbili tatu zenye nguvu zinakua haraka, zinafunika jua, na wadogo wote wanakufa gizani. Udongo ukiwa maskini, hakuna anayepata nguvu za kumkandamiza mwenzake. Kila mmoja anakua pole pole, anakaa mfupi, anaacha nafasi. Ndiyo maana mfuko mmoja wa mbolea, kitu ambacho sisi tunakiona kama baraka, unaweza kuua pale bustani iliyochukua karne nyingi kujijenga.

Ukifika hapo unaweza kusema: sawa, basi pawekwe ua, watu watoke, asili ifanye kazi yake. Hata mimi ningesema hivyo. Lakini kwenye vilima hivi, asili ikiachwa ifanye kazi yake, inaleta miti. Kwanza nyasi zinarefuka. Halafu vichaka vya miiba. Halafu msitu. Msitu si kitu kibaya, lakini zaatari haimo ndani yake, wala kiatu-cha-farasi, wala kipepeo wa buluu.

Maana vilima vile havikuwa wazi tangu mwanzo. Vilikuwa na miti. Watu wa zama za mawe waliikata miti hiyo kwa mashoka, maelfu ya miaka iliyopita, wakaleta mifugo, na tangu wakati huo meno ya wanyama hayakuondoka. Baadaye wakulima waligundua mbinu kali sana. Mchana kondoo walilishwa vilimani. Jioni waliteremshwa, wakafungiwa kwenye mashamba ya ngano bondeni, wakaacha samadi huko. Yaani kondoo alikuwa mfereji wa kuhamisha rutuba: anakula juu, anaachia chini. Bonde likashiba na kilima kikabaki maskini. Na kwa sababu kilibaki maskini, kikajaa maua.

Mchungaji wa wakati ule hakuwa na mpango na vipepeo. Alitaka sufu, nyama na samadi. Lakini mbuga tunayoiona leo kama zawadi ya asili ni kazi yake, yeye na kondoo wake, kila siku, kwa miaka ambayo hakuna aliyeihesabu.

*

Sasa tuje kwa kipepeo mmoja, yule wanayemwita Adonis.

Dume lake lina buluu ambayo hata picha zinashindwa kuishika. Jike ni la rangi ya kahawia, halijivuni. Huko Uingereza viwavi wake hula mmea mmoja tu: kiatu-cha-farasi. Na hata mmea ukiwepo, jike halitagi popote tu. Linataka nyasi fupi sana, sentimita chache, kwenye mteremko unaotazama kusini, mahali jua linapochoma udongo moja kwa moja. Uingereza ni nchi ya baridi, na kwa kiwavi tofauti ya digrii mbili tatu ni tofauti ya kukua na kufa. Sisimizi wanamlinda kiwavi huyo, naye anawalipa kwa majimaji matamu yanayotoka mwilini mwake. Mkataba mzuri, kila mtu anapata chake.

Halafu yakaja mambo mawili. La kwanza ni Vita vya Pili vya Dunia. Nyambizi za Ujerumani zilikuwa zinazamisha meli za chakula, na serikali ikaamuru ardhi ilimwe. Vilima ambavyo havikuwahi kuguswa na plau vikalimwa, na baada ya vita ikaja mbolea ya viwandani. Inakadiriwa kwamba asilimia 80 hivi ya mbuga za chaki za Uingereza zimepotea tangu vita vile. Hilo ni kosa la kugusa, na linaeleweka kirahisi.

La pili ni kosa la aina nyingine. Kwenye miteremko mikali ambayo trekta haikufika, kondoo walikuwa tayari wameondoka kwa sababu biashara yao haikulipa tena. Nyasi hazikurefuka kwa sababu sungura walichukua zamu. Halafu mwaka 1953 ugonjwa wa miksomatosi ukaingia nchini, na ndani ya miaka miwili mitatu ukawa umewamaliza karibu sungura wote. Hakuna mtu aliyelima miteremko ile. Hakuna aliyemwaga sumu. Ilichofanyiwa ni kuachwa tu. Nyasi zikapanda, udongo ukapoa, na Adonis akatoweka kilima baada ya kilima. Kiatu-cha-farasi mara nyingi kilikuwa bado kipo, kimezama katikati ya nyasi. Chakula kipo, joto hakipo.

Hapo ndipo niliposimamisha kibarua changu kwa muda. Chakula kipo, joto hakipo. Nawajua watu wanaoishi hivyo Nairobi.

*

Kuna kesi nyingine inayouma zaidi, kwa sababu waliohusika walikuwa na mapenzi ya kweli. Hii haikutokea kwenye chaki, ilitokea magharibi zaidi, lakini ni nyasi fupi zilezile na kanuni ni ileile. Kipepeo anaitwa buluu mkubwa.

Maisha yake ni kama filamu ya wezi. Jike hutaga kwenye vichipukizi vya maua ya zaatari. Kiwavi anakula ua kwa wiki tatu hivi, halafu anajiangusha chini na kungoja. Sisimizi mwekundu akipita, kiwavi anatoa harufu na majimaji, sisimizi anadhani amepata mtoto wa nyumbani aliyepotea. Anambeba hadi shimoni. Huko ndani, kwa takriban miezi kumi, mgeni anakula watoto wa mwenyeji wake. Anaweza hata kuiga sauti ya malkia wao ili ahudumiwe vizuri. Mwanzo wa kiangazi anatoka akiwa kipepeo.

Kipepeo huyu alikuwa anapungua, na watu wakajua wa kulaumu: wakusanyaji, mabwana wenye nyavu na masanduku ya vioo. Ilikuwa hoja ya maana. Kwa hiyo katika miaka ya 1930, sehemu moja ya Cornwall ikazungushiwa ua ili wakusanyaji wasiingie. Ua ule ulizuia wakusanyaji. Ulizuia pia mifugo. Kipepeo akaisha ndani ya hifadhi yake mwenyewe, akiwa amelindwa kabisa.

Mwaka 1972 mwanasayansi kijana, Jeremy Thomas, alienda kukaa na kundi la mwisho lililobaki, kando ya Dartmoor. Majira baada ya majira alihesabu mayai, akapima nyasi, akafuata sisimizi. Akagundua kitu ambacho wote kabla yake walikipita: si kila sisimizi mwekundu anafaa. Buluu mkubwa anahitaji aina moja, Myrmica sabuleti. Sisimizi huyo anahitaji udongo wenye joto. Joto linahitaji nyasi fupi mno. Nyasi fupi zinahitaji meno. Ukiziacha zirefuke kidogo tu, sentimita chache, sisimizi wa aina nyingine anahamia. Kwa macho ya mpita njia mahali ni palepale, zaatari ileile, sisimizi wekundu walewale. Kwa kipepeo ni kifo.

Jibu lilipatikana likiwa limechelewa. Mwaka 1979 buluu mkubwa alitangazwa kuwa ametoweka Uingereza. Aliyerudishwa baadaye, kuanzia mwaka 1983, alitoka Sweden, na alirudishwa kwenye ardhi iliyotayarishwa: vichaka vimekatwa, mifugo imerejeshwa. Leo anaruka tena Somerset na Gloucestershire.

Nikiisoma hii, naona wale waliozungusha ua hawakupungukiwa na upendo. Walipungukiwa na habari za sisimizi. Walimjua adui wa kipepeo, hawakumjua mwenyeji wake. Walijua wamkinge na nini, hawakujua anaishi kwa nini. Nadhani mapenzi mengi yanafeli hapo.

*

Sasa turudi mtaani.

Kwenye ploti alikokuwa akiishi rafiki yangu kulikuwa na kijana wa chumba cha juu, mpole, anayefanya kazi usiku na kulala mchana. Kila mtu alimheshimu kwa njia yetu ya kisasa: hakuna aliyebisha mlango wake. Tarehe tano ya mwezi ikapita bila yeye kulipa kodi. Keateka akapanda ngazi, amekasirika, amekuja kudai. Akamkuta yule kijana kitandani na malaria, siku ya nne, haongei vizuri. Akampakia kwenye boda na kumpeleka kliniki. Akapona.

Keateka hakuwa na mapenzi yoyote. Alitaka pesa ya landilodi. Lakini ndiye peke yake aliyekuwa na sababu ya kubisha. Rafiki zake waliompenda walikuwa wamempa nafasi.

Miezi michache baadaye ploti ikaweka namba ya kulipia kwa simu. Ni poa, hakuna kusumbuana. Ukilipa, mfumo unajua. Usipolipa, unapata ujumbe. Keateka hapandi ngazi tena.

Hapa ndipo naiona mbuga ya chaki yote mbele yangu. Kwa miaka mingi watu waliguswa na wenzao kwa sababu ya shida, si kwa sababu ya wema. Jirani alikuja kuomba chumvi, akaona umelia. Shangazi alileta mboga kwa sababu hakukuwa na njia nyingine ya kuileta, akaona umekonda. Mwenye duka alikudai, akajua umepoteza kazi. Wao ni kama mchungaji na kondoo wake: walikuja kwa haja zao, na bila kukusudia wakaweka nyasi zetu fupi na udongo wetu ukabaki na joto. Halafu maendeleo yakaondoa zile haja moja moja, na kila moja tuliiaga kwa furaha. Chumvi inaletwa mlangoni. Deni liko kwenye simu. Mboga ziko supamaketi. Hakuna aliyetudhuru. Tumeachwa tu.

Waingereza walipopoteza kondoo na sungura, iliwabidi wafanye kwa makusudi kile ambacho zamani kilijifanya chenyewe. Leo kwenye hifadhi kama Martin Down kule Hampshire, kondoo wanaletwa kwa ratiba. Kwenye vilima vingi watu wa kujitolea hutumia wikendi za baridi kukata vichaka kwa mikono, kwa ajili ya kipepeo atakayetoka miezi sita baadaye. Kwa kiasi fulani inachekesha, watu wazima kuigiza kazi ya mbuzi. Lakini sidhani kuna njia nyingine. Haja ikishaondoka, kinachobaki ni aidha nia au msitu.

*

Najua unachotaka kusema. Kwamba hoja hii ni hatari. Kwamba "nakugusa kwa faida yako" ndiyo lugha ya kila dikteta, kila mume mwenye mkono mzito, kila kasisi aliyewahi kumnyoa mtoto wa shule kwa nguvu. Uko sahihi, na hatuhitaji kwenda mbali kupata ushahidi.

Serikali ya kikoloni ilipoanzisha mbuga zetu, Nairobi ikawa ya kwanza Kenya mwaka 1946, wazo lililotawala lilikuwa kwamba ardhi ya wanyama ni ardhi isiyo na watu. Upande wa pili wa mpaka, mwaka 1959, Wamaasai walitolewa Serengeti na kupelekwa Ngorongoro. Waliosimamia sera hizo walitoka nchi ambayo mbuga zake nzuri kuliko zote zilitengenezwa na wachungaji. Wakafika kwetu, wakaona mbuga nzuri, na wachungaji wakiwa ndani yake, na wakashindwa kuunganisha hayo mawili.

Lakini angalia vizuri kosa lilikuwa nini. Kumwondoa mchungaji kulifanywa kwa jina la kuiacha asili. Yaani kuacha kwenyewe kulikuwa ni kuingilia, tena kwa bunduki. Na kulitokana na kutojua. Mwaka 2018 watafiti walichapisha matokeo kutoka kusini mwa Kenya: maboma ya wafugaji wa hadi miaka 3,000 iliyopita bado yanaonekana kama mabaka ya nyasi tamu zenye rutuba, na wanyama pori hukusanyika hapo. Samadi ya ng'ombe wa mababu bado inalisha swala. Kule Uingereza kondoo waliondoa rutuba, na maua yakashukuru. Huku ng'ombe waliiongeza, na wanyama wakashukuru. Ukichukua kanuni ya kilima kimoja ukaileta kwa kingine bila kuuliza, utaharibu vyote viwili. Kwa hiyo historia ile hainifunzi kwamba tusiguse. Inanifunza kwamba asiyejua sisimizi asishike funguo za ua.

Pingamizi la pili ni gumu zaidi kwangu. Kugusa hakuna usafi. Kondoo anapookoa maua, anayala pia. Ukimrudisha buluu mkubwa, umewarudishia sisimizi mlaji wa watoto wao, na hakuna aliyewauliza. Na kuna kipepeo mwingine wa vilima hivi, anaitwa Duke of Burgundy, ambaye viwavi wake hula primula, naye anataka nyasi ndefu kidogo, zenye mafungu, karibu na vichaka. Ukilisha kilima kizima kifupi kwa ajili ya Adonis, umemfukuza Duke. Ukikiacha kirefuke kwa ajili ya Duke, umemgandisha Adonis. Hakuna urefu wa nyasi unaompendeza kila mtu. Anayetunza kilima lazima achague, hapa fupi, pale ndefu, na akichagua kuna mtu anakosa.

Nadhani hii ndiyo sababu ya kweli inayotufanya tupende kuacha. Tunasema ni heshima, lakini mara nyingi ni hamu ya kutokuwa na hatia. Nikikugusa na mambo yakaharibika, ni mimi. Nikikuacha na mambo yakaharibika, ni maisha. Wahenga wenyewe walitupa kisingizio: mtoto akililia wembe, mpe. Lakini walisema pia kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, na kuziba ufa si kazi inayofanywa mara moja.

Pingamizi la tatu linanifanya nicheke. Sehemu kubwa kuliko zote ya mbuga za chaki iliyobaki kaskazini-magharibi mwa Ulaya ni Salisbury Plain, na aliyeilinda ni jeshi. Lilianza kununua ardhi hapo mwaka 1897 kwa ajili ya mazoezi. Vifaru vinapita, makombora yanalia, na kwa sababu hiyo plau na mbolea hazikufika sehemu kubwa ya eneo lile. Maua yanaishi chini ya mizinga. Jeshi hilohilo hufanya mazoezi Laikipia, ambako mwaka 2021 moto uliozuka wakati wa mazoezi yake uliteketeza maelfu ya ekari huko Lolldaiga. Mguso uleule, buti zilezile, matokeo mawili tofauti kabisa. Ukitaka kujua kwa nini wema wa bahati mbaya hautoshi, sina mfano mzuri kuliko huo. Keateka alimwokoa yule kijana mwezi ule. Mwezi mwingine angeweza kumfungia nje kwa kufuli, akiwa na sababu ileile ya kodi.

*

Sasa tufanyeje? Sitaki kumaliza na ushauri wa kalenda ya ukutani, lakini vilima vimenipa mambo matatu ninayoyaamini.

La kwanza, jua kabla ya kushika. Thomas alikaa majira baada ya majira akiangalia. Mtu unayemjali anaishi kwa kitu fulani mahususi, na mara nyingi si kile unachokidhania. Nilipoacha chuo, kuna waliokuja na hotuba kuhusu digrii. Hizo hazikunigusa. Shangazi yangu mmoja alikuwa anakuja kila Jumamosi, anakaa, anauliza nimeandika nini wiki hii, anataka nimsomee, halafu anadai chai. Hakuwa anaelewa nusu ya niliyomsomea. Lakini aligundua kabla yangu kwamba shida yangu haikuwa karatasi. Nilihitaji mtu anayengojea kazi yangu siku fulani.

La pili, gusa kidogo, gusa mara kwa mara, kisha ondoka. Kondoo wakikaa kilimani mwaka mzima bila kupumzika, wanaacha vumbi. Wamaasai wanalijua hili tangu zamani, ndiyo maana wana olopololi, malisho yanayotengwa yapumzike kwa ajili ya ndama. Kupumzisha si kutelekeza. Tofauti ni kwamba anayepumzisha ana tarehe ya kurudi. Ukimpa rafiki nafasi, jiulize tu: nina tarehe? Kama huna, hiyo si nafasi. Umemwacha.

La tatu, kubali kukosea mikononi mwako mwenyewe. Atakayebisha mlango atasumbua mtu siku nyingine. Ataambiwa ashughulike na yake. Shangazi yangu alikuwa ananikera, wacha niseme ukweli, na kuna Jumamosi nilitamani asije. Haki ya kumwambia leo sitaki ni haki yangu, na yeye aliiheshimu: alikunywa chai akaenda. Wiki iliyofuata akarudi. Kukataa kwangu hakukuwa mwisho wa habari kwake, na kurudi kwake hakukuwa jeuri. Mpaka si ukuta. Mpaka ni mahali pa kubisha hodi.

Kuna watu ambao hawataki kabisa kuguswa, na wengine wana sababu nzito: walishaguswa vibaya. Hao nao wana vilima vyao, na huenda kinachowafaa ni nyasi ndefu. Ndiyo maana siwezi kuandika kanuni moja hapa. Ninachoweza kusema ni kwamba hutajua ni wa nyasi fupi au ndefu kwa kukaa mbali. Utajua kwa kukaribia kiasi cha kumsikia akikwambia.

Tarehe tano ikipita kimya kwa mtu unayemjua, usingoje mfumo umtumie ujumbe. Panda ngazi.